Uvimbe mkubwa wa maji ndani ya taya: meno yapimwe kwanza kabla ya kuamua kuyang'oa

Gego Sita (mleta uzi)

Wakuu wa jukwaa la afya, salaam. Mimi ni daktari wa kinywa na meno. Naleta jambo ambalo wagonjwa wengi hawajui hata kwamba wana haki ya kuliulizia.

Mtu anakuja taya limevimba upande mmoja, na mara nyingi halimuumi. Kapigwa picha ya taya nzima, ile tunayoiita OPG. Inaonekana tundu jeusi kubwa ndani ya mfupa, lina ukingo mweupe, na mizizi ya meno manne au matano inaning'inia humo kama haijashikwa na kitu. Anaambiwa hiyo ni sisti, yaani mfuko wenye utando na maji ndani yake, kwamba itatolewa na meno yote yaliyo humo yaondoke nayo. Anasaini. Hakuna aliyeyagusa meno yale hata kwa kipande cha barafu kuona kama yanahisi.

Hoja yangu ni hii: picha haiwezi kukwambia kama jino li hai. Ile ni picha bapa ya kitu chenye unene. Mzizi unaoonekana umo katikati ya tundu huenda umepita mbele yake au nyuma yake, na upande mmoja bado umekumbatiwa na mfupa. Na hata ule ulio wazi kabisa, bado unaweza kuwa unapata damu.

Ndani ya jino kuna kiini, nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Mishipa hiyo huingilia kwenye ncha ya mzizi, kwenye kitundu ambacho kwa mtu mzima kwa kawaida hakifiki nusu milimita. Sisti hukua taratibu, mara nyingi kwa miaka. Majimaji yaliyomo huvuta majimaji mengine, shinikizo linapanda, mfupa unalika kidogo kidogo kuizunguka. Kwa kuwa mambo yanakwenda polepole, vile vishipa husukumwa kando badala ya kukatika, na vinaendelea kupitisha damu. Ndiyo maana unaweza kumkuta mtu ana sisti imemaliza nusu ya taya, na meno yanayosimama juu yake yanaruka ukiyagusa kwa baridi.

Hatari inakuja siku ya upasuaji. Utando wa sisti umegandana na ncha za mizizi, na ukiukwangua wote kwa mara moja unakata vile vishipa. Ni sawa na kukata bomba kwenye mita: nyumba iko nzima lakini maji hayaingii tena. Kiini kinakufa, jino linaanza kubadilika rangi, linahitaji tiba ya mzizi (kutoa kiini kilichokufa, kusafisha na kuziba ndani) au linang'olewa.

Njia ya kuepuka hilo ipo, na ni ya zamani. Daktari mpasuaji Carl Partsch, aliyefanya kazi Breslau (leo ni Wrocław, Poland), aliieleza mwaka 1892. Badala ya kuikwangua sisti, unafungua dirisha kwenye ukuta wake na kuliacha wazi kuelekea mdomoni. Shinikizo linaisha. Lisipokuwepo shinikizo, mfupa unaanza kujijenga kutoka pembeni kuja katikati, na sisti inasinyaa. Siku hizi mara nyingi tunaweka kipande cha mpira kwenye dirisha ili lisijifunge, mgonjwa anasafisha mwenyewe nyumbani, na baada ya miezi kadhaa tunaingia kutoa kisisti kidogo kilichobaki. Wakati huo mizizi mingi imeshafunikwa na mfupa mpya, na hatuna haja ya kuigusa.

Naomba tujadili. Waliopitia hili waseme, na madaktari wenzangu wanikosoe panapostahili.

Mama Wawili

Dokta, uzi huu umekuja wakati wangu. Mwanangu ana miaka 11. Gego la utoto la chini lilioza, hatukulitilia maanani kwa kuwa ni la kung'oka. Sasa taya limevimba, na picha inaonyesha mfuko mkubwa, ndani yake kuna jino la ukubwani limelala, na mengine mawili yamesukumwa pembeni. Tumeambiwa yote matatu yatolewe. Ni msichana. Nimekuwa nikilia usiku nikifikiria atakaa na pengo maisha yake yote. Je, hiyo njia inafaa kwa mtoto?

Gego Sita

Pole sana mama. Siwezi kumtibu mtoto kwa maneno bila kumwona, lakini nikueleze kinachojulikana ili ukirudi kwa daktari wake uwe na cha kuuliza.

Watoto ndio wanaonufaika zaidi na njia hii. Mfupa wao hujijenga haraka. Na jino ambalo mzizi wake haujakamilika bado lina nguvu ya kupanda lenyewe. Katika hali kama unayoieleza, kwa kawaida jino la utoto lililooza hutolewa, na shimo lake lile lile hugeuzwa kuwa dirisha la sisti. Kipande cha utando hupelekwa maabara. Halafu tunasubiri, tukipiga picha kila baada ya miezi michache. Mara nyingi jino lililokuwa limelala linaanza kujinyanyua na kupanda bila kusukumwa na mtu. Lisipopanda, mtaalamu wa kupanga meno anaweza kulivuta.

Hata yale mawili yaliyosukumwa, kusukumwa si kufa. Mizizi ya mtoto ina mdomo mpana kwenye ncha, kwa hiyo damu inapita kwa wingi na uwezo wa kupona ni mkubwa kuliko wa mtu mzima.

Muulize daktari mambo haya: meno hayo yamepimwa kama yanahisi? Inawezekana kuanza kwa kufungua dirisha badala ya kutoa yote? Kama jibu ni hapana, sababu ni ipi? Sababu nzuri zinaweza kuwepo, na una haki ya kuzisikia. Ukitaka maoni ya daktari wa pili, omba rufaa kwenye hospitali yenye wapasuaji wa kinywa, taya na uso. Uvimbe wa namna hii kwa kawaida si wa kukimbizana nao usiku, isipokuwa kuwe na usaha, homa, au mtoto anashindwa kufungua mdomo au kumeza. Hapo usisubiri hata siku moja.

Mkulima wa Parachichi

Mkuu, kwa heshima zote, haya mnayaongea watu wa mjini. Mimi nilikuwa na sisti taya la chini, nikatolewa yote siku moja pamoja na meno manne, nikashonwa, nikarudi shambani. Ningeambiwa nikae na mpira mdomoni karibu mwaka mzima, nirudi kila baada ya miezi mitatu, nauli kutoka kwetu hadi hospitali ya rufaa ingenitoka wapi? Upasuaji mara mbili badala ya mmoja, malipo mara mbili. Meno manne kwangu si hoja kubwa kuliko kumaliza jambo.

Gego Sita

Mkuu, hoja yako ni nzito na siipuuzi hata kidogo. Njia ya dirisha inamtegemea mgonjwa. Asiporudi, asiposafisha, dirisha linajifunga na sisti inajaa upya, au inaingia usaha. Kwa mtu ambaye hawezi kurudi kabisa, kutoa yote kwa mara moja kunaweza kuwa uamuzi bora, na daktari mwenye busara ataliuliza hilo mapema. Vilevile sisti ndogo haina haja ya dirisha. Inatolewa yote, mfupa unajijaza, kazi imekwisha.

Ila naomba nitenganishe mambo mawili. Kukosa nafasi ya kurudi ni sababu ya kutoa *sisti* kwa mara moja. Si sababu ya kung'oa *meno* bila kuyapima. Hata anayefanyiwa upasuaji mmoja, meno yake yanaweza kupimwa dakika kumi kabla, yale yaliyo hai yakalindwa kadiri inavyowezekana, na likitokea kufa baadaye likatibiwa mzizi likabaki mdomoni. Na taya ambalo mfupa wake umebaki mwembamba sana, ukiitoa sisti yote kwa nguvu siku moja linaweza kuvunjika. Hapo dirisha linalinda zaidi ya meno.

Kibokoni

Mie ni wa Mombasa, niliwekewa huo mpira, nitaeleza ilivyokuwa maana wengi hawajui wanachokubali.

Siku ya kwanza ganzi ilipoisha paliuma, lakini si maumivu ya kukosesha usingizi. Mpira wenyewe ni mdogo, umekatwa kutoka kwenye mrija wa hospitalini, ukashonwa kwa uzi kwenye ufizi. Unausikia kwa ulimi siku zote, kisha unauzoea. Nilipewa bomba la sindano lisilo na ncha kali, nasukuma maji ya chumvi ndani ya tundu asubuhi na usiku mpaka yatoke safi. Mara za mwanzo yalitoka maji ya manjano yenye vitu vinavyometameta. Daktari akanambia hayo ni mafuta ya kolesteroli, ya kawaida kwa sisti.

Shida kubwa ilikuwa chakula. Punje ya wali ikiingia pale, usipoiosha, kesho yake mdomo unanuka mpaka wewe mwenyewe waona haya kusema na watu. Mwezi wa Ramadhani nilikuwa nikisafisha baada ya futari na tena baada ya daku.

Meno yangu ya mbele ya chini yote yapo. Moja ndilo lililohitaji tiba ya mzizi, na hilo ndilo lililokuwa limekufa tangu mwanzo. Niligongwa udogoni nikicheza mpira. Picha ya mwisho waona mfupa pale palipokuwa peusi.

Gego Sita

Shukrani sana ndugu yangu, na hapo umegusa kitu ambacho sikukieleza vizuri.

Sisti inayotokea mara nyingi kuliko nyingine zote kwenye taya inaanzia kwenye ncha ya jino lililokufa, ama kwa kuoza ama kwa kugongwa. Jino hilo ndilo mwenye mzigo, na lazima lishughulikiwe: ama litibiwe mzizi, ama ling'olewe. Majirani zake hawana kosa, sisti imewafuata walipo. Ukiwapima wote unapata picha iliyo wazi: moja halihisi, manne yanahisi. Sasa unajua la kutibu ni lipi. Na ukikuta meno *yote* yanahisi, hata hayo ni maarifa makubwa, maana sisti hii haikutoka kwenye jino lililokufa. Anza kufikiria aina nyingine, au uvimbe ambao si sisti kabisa.

Tabibu wa Wilaya

Dokta, mimi ni tabibu wa meno kituo cha afya. Kipima kiini cha umeme sina, dawa ya kupulizia baridi sina. Nipime kwa nini?

Gego Sita

Barafu inatosha kuanzia, ndugu yangu, na ukiifanya vizuri utaokoa meno ya watu.

Jaza maji kwenye vile vifuniko vya plastiki vya sindano za ganzi, vipya na safi, uvigandishe kwenye friji. Vinatoa vijiti vyembamba vya barafu vinavyoshikika vizuri ukivishika kwa shashi. Jino likauke kwanza, zungushia pamba. Anza na jino zima la upande wa pili, la aina ile ile, ili mgonjwa ajue anachotakiwa kukisikia na wewe ujue kawaida yake ikoje. Kisha pima kutoka magego ya nyuma kuja mbele, kwa sababu maji ya barafu iliyoyeyuka yakitiririka kwenye jino lingine yatakudanganya. Weka karibu na ufizi, si juu ya kichwa cha jino. Mwambie anyooshe mkono akisikia, na aushushe baridi ikiisha.

Andika matokeo ya kila jino kwenye kadi ya rufaa. Hili nalisisitiza sana. Mgonjwa akifika kwetu akiwa tayari ameng'olewa au amepigwa ganzi, taarifa hiyo imepotea.

Na ukumbuke barafu inapima *hisia*, haipimi damu. Wazee viini vyao vimesinyaa na hujibu kwa shida. Jino lenye kofia halitajibu vizuri. Jino lisilohisi siyo lazima limekufa, kwa hiyo lipime siku nyingine tena kabla ya kulihukumu.

Daktari Mwanagenzi

Naomba kuuliza kuhusu keratosisti. Tulifundishwa hurudi sana. Kwa nini tuyahurumie meno wakati kubakiza kipande kidogo cha utando kati ya mizizi ndiko kunakorudisha ugonjwa?

Mpasuaji wa Taya

Nijibu hili kabla ya mleta uzi, kwa sababu hapa tunatofautiana kidogo.

Keratosisti si sisti ya kawaida. Philipsen ndiye aliyeipa jina hilo mwaka 1956. Shirika la Afya Duniani liliihamishia kwenye kundi la vimbe za neoplasia, yaani zinazoota zenyewe bila kudhibitiwa na mwili, mwaka 2005, kisha mwaka 2017 likairudisha kuwa sisti. Kuhama huko peke yake kunaonyesha ilivyo ngumu. Inatembea kwa urefu ndani ya uboho wa taya bila kulivimbisha sana, kwa hiyo inagundulika ikiwa kubwa. Utando wake ni mwembamba, unachanika, na pembeni kunaweza kuwa na visisti vitoto. Ukivuta maji yake kwa sindano unapata kitu cheupe kizito badala ya maji ya manjano.

Mimi nikiona mizizi imezungukwa pande zote na utando wa keratosisti, na siwezi kusafisha katikati yake, nang'oa. Naona ni bora mgonjwa akose meno mawili kuliko arudi kwangu mara tatu. Na kwa mwenye keratosisti nyingi mdomoni, hasa kijana, namchunguza ngozi na familia, kwa sababu ya ule ugonjwa wa kurithi unaoleta keratosisti nyingi na saratani za ngozi, walioueleza Gorlin na Goltz mwaka 1960.

Gego Sita

Nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, kaka. Ila hata kwenye keratosisti kubwa naona dirisha lina nafasi yake kama hatua ya kwanza. Baada ya miezi ya kusafishwa, ule utando mwembamba unakuwa mnene na mgumu zaidi, unabanduka kwa vipande vikubwa badala ya kuchanika. Sisti nayo imesogea mbali na mizizi na mbali na ule mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya la chini kwenda mdomoni. Upasuaji wa pili unakuwa mdogo na unaweza kuufanya kwa ukamilifu zaidi. Wanaopaka dawa ya Carnoy kuua mabaki ya utando wanajua inavyoweza kuumiza mshipa huo, kwa hiyo nafasi yoyote ya mfupa inayopatikana ina thamani.

Pale ambapo hata baada ya miezi hiyo mzizi bado umo ndani ya utando, nang'oa kama wewe. Tofauti yetu ni kwamba mimi naliamulia mwishoni badala ya mwanzoni.

Mpasuaji wa Taya

Sawa, ila mgonjwa aambiwe siku ya kwanza kwamba atafuatiliwa kwa miaka mingi. Keratosisti inaweza kurudi hata baada ya miaka kumi. Na jambo ambalo uzi huu haujalitaja kwa uzito wake: *kinyama kipelekwe maabara*. Kwetu Afrika Mashariki tunaona ameloblastoma nyingi, uvimbe wa taya ambao si sisti, na ile ya chumba kimoja kwenye picha inafanana kabisa na sisti ya jino lililokwama. Ukifungua dirisha, ukaweka mpira, ukamwacha mgonjwa akasafishe nyumbani bila jibu la maabara, unaweza kuwa unaosha uvimbe unaokula taya.

Gego Sita

Hilo halina mjadala, na nashukuru umelisema. Kabla hata ya kukata, vuta kwa sindano. Ikija damu nyingi inayojaa yenyewe, simama, usifungue, maana huenda ni uvimbe wa mishipa ya damu. Ukikata dirisha, kipande chote kiende maabara ya patholojia. Na siku ya upasuaji wa pili, kinachotolewa kiende tena, kwa sababu kipande cha dirishani kinaweza kuwa safi huku pembe nyingine ya mfuko ikiwa na kitu kingine.

Mkulima wa Parachichi

Nimewasoma. Swali langu sasa: mimi wakati naondoka hospitali niliambiwa meno mawili ya jirani yaliyobaki yatibiwe mizizi haraka kwa kuwa "yamekufa". Sikwenda. Hayaumi. Je, nimeyaharibu?

Gego Sita

Hapana mkuu, na huenda kutokwenda kwako mara moja hakukudhuru kitu. Lakini nenda sasa yakaangaliwe.

Baada ya upasuaji wa karibu na mizizi, mishipa ya fahamu inaweza kupigwa ganzi ya muda kwa kuvutwa tu, ilhali damu inaendelea kupita. Jino halihisi barafu, lakini halijafa. Hisia hurudi baada ya wiki, na mara nyingine baada ya miezi. Ndiyo sababu sipendi kumtoboa mtu jino kwa kipimo kimoja kilichofanywa wiki ya kwanza, na sipendi desturi ya kutibu mizizi yote *kabla* ya upasuaji kama tahadhari tu. Ninayotibu mapema ni yale yaliyothibitika kufa, na yale ambayo najua kwa hakika ncha zake nitazikata.

Mengine nayapima baada ya mwezi mmoja, mitatu, sita, na mwaka. Ninalitangaza jino kuwa limekufa linapokusanya dalili zaidi ya moja: halihisi kwa vipimo vinavyofuatana, linageuka kijivu, linauma ukiligonga, kipele cha usaha kinatokea kwenye ufizi, au picha inaonyesha weusi mpya unaokua kwenye ncha badala ya kupungua.

Ukienda, chukua na picha yako ya kwanza ya kabla ya upasuaji kama bado unayo. Daktari akiziweka mbili pamoja ataona kama mfupa unajaza au la, na hiyo itamsaidia kuliko maelezo yoyote ya mdomo.

Mama Wawili

Dokta, nimepata rufaa, tunaonwa wiki ijayo. Nimeandika maswali yote matatu kwenye karatasi. Niongeze lipi?

Gego Sita

Ongeza haya mawili: mpira ukitoka usiku tumpigie nani, na jibu la maabara litatoka lini. Mpira ukitoka kwa mtoto usisubiri siku ya miadi, kwa sababu tundu linaanza kujifunga ndani ya siku chache.